Maji Juu ya Theluji

Jabal Akhdar, milimani Omani, Jumatano, Januari

Naandika haya nimekaa karibu na mlango.

Jana ilikuwa zamu yetu kuondoa theluji kichochoroni. Mume wangu Seif, mtu wa Unguja, akaimwagia ndoo za maji kama anayeosha baraza ya kwao. Usiku maji yakaganda. Alfajiri mama yake Nasor, jirani yetu, akateleza akavunjika mkono.

Nasor hakupiga hodi. Alimburura Seif nje kwa ukosi wa kanzu, akampiga kinywani kwa mpini wa beleshi. Jino likaruka.

"Wallahi, mngebaki huko huko Zanzibar!"

Hapo Seif akamrukia, akamng'ata sikio. Mtu mzima, ana mvi! Nami nilikuwa napiga kelele waachane, huku moyoni nataka alikate.

Aliyewaachanisha ni yule bibi, mkono kaufunga kwa mtandio. "Bas! Mnauana, na njia bado barafu!"

Wakaingia ndani, kila mtu kwake. Njia nimeimwagia majivu mimi, mpaka mlangoni kwa bibi, juu ya damu yao. Nasor akanichungulia dirishani: "Mwambie mumeo sijamaliza."

Beleshi lake aliliacha kichochoroni; ninalo, nyuma ya mlango. Na aje. Sitalizolea theluji.