Ganda la Chaza Lililokula Mbuzi Wangu

Mpendwa Baba,

Shikamoo, huko uliko. Leo nakuandikia kukuomba radhi, na tafadhali usicheke kabla sijamaliza.

Unamkumbuka yule beberu mweupe wa kipaimara changu? Wiki moja kabla ya sherehe, wewe dalali wa madini ulimbadilisha na "jiwe" la mgeni kutoka Tanga. Ulirudi nyumbani Oldonyo Sambu umelifunga kwenye karatasi nyeupe, kama tanzanite. Ukalimulika tochi kwa nyuma, jinsi mnavyopima mawe, rangi zote zikazimika. Kesho yake wenzako mjini wakakwambia ukweli: ni ganda la chaza, mnyama wa baharini. Wakacheka hadi wakashika mbavu.

Siku ya sherehe tulikula loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, bila hata kipande cha nyama. Mama alikununia. Nami, mbele ya wageni wote, nikasema baba yangu ametapeliwa. Hukunikaripia. Ulisimama mlangoni, ukaligeuza juani polepole.

"Humu hamna rangi, mwanangu. Tazama inavyohama."

Nikajua unajitetea tu.

Baba, ulisema kweli. Juzi nililipeleka darasani Elerai, ninakofundisha baiolojia. Nikasaga pembe yake kidogo, ukatoka unga mweupe, kwa sababu ganda lenyewe ni aina ya chokaa. Chaza huijenga tabaka juu ya tabaka, nyembamba mno. Mwanga ukiliangukia, kila tabaka hurudisha sehemu yake, na miale hiyo ikikutana ndipo tunaona kijani na waridi. Ukiligeuza, rangi zinahama, kama ulivyosema. Wanafunzi waligombania dirisha lenye jua, na mimi nilijivunia wewe.

Jumapili mjukuu wako Neema anapata kipaimara. Ameomba alivae shingoni, tumelitoboa tundu dogo. Beberu yupo pia, amefungwa nyuma ya nyumba, na safari hii hakuna dalali wa kumgusa.

Jana Mama, ambaye miaka yote hii hajawahi kulishika, alinyoosha mkono. Akaenda pale pale mlangoni, akaligeuza juani mara tatu. Nilijiandaa kusikia habari za mbuzi.

"Yule mbuzi," akasema, "tungemmaliza siku ile ile."

Nisamehe, Baba, na upumzike kwa furaha.

Ni mimi, binti yako uliyemnyima nyama.