Mkanda Ulioliwa Upande Mmoja

Darsait, Maskati
12 Februari 2001

Kwa kaka yangu mpenzi Mahfoudh,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na wifi yangu Hind na watoto, na kwamba baridi ya Kanada haijawagandisha. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu na anauliza kama ile kofia aliyokufumia unaivaa au umeitupa kabatini. Habari za Baba ziko mbele, usiruke kurasa.

Barua yako ilifika Jumatatu. Niliisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa hasira. Kwanza unalalamika kuwa pikipiki yako ya theluji inakusumbua: ule mkanda wa mpira unaoisukuma umeliwa upande wa kushoto, na misumari ya chuma uliyoitia ili ishike barafu inang'oka na kuuchana mpira. Fundi wa huko kakwambia ununue mkanda mpya kila msimu. Kisha unatuamuru tufunge gereji, kwa sababu Baba kazeeka na mimi mwanamke siwezi kuachiwa mashine za watu. Haya, nakujibu.

Mkanda usinunue. Mimi barafu naijua ya kwenye friji tu, lakini mikanda ya mpira naijua vizuri. Mwezi uliopita mkandarasi mmoja, Hatem, alituletea kijiko cha kuchimbia mitaro, kile kidogo kinachotembea kwa mikanda badala ya magurudumu. Mkanda mmoja ulikuwa umeliwa ndani kama mkate ulioingiliwa na panya. Gereji tatu zilishamwambia abadilishe. Alinipita mimi kama nguzo, akamwendea Baba kitini, akamwomba autazame yeye mwenyewe. Baba akamwambia akiache, arudi Alhamisi.

Unaijua kawaida yetu. Mashine haitoki hapa mpaka Baba ailazie kiganja na kusema bismillahi, na wateja hawaridhiki mpaka wamekiona kile kiganja. Niliteremsha shata la mlango, nikakiinua kijiko kwa jeki, nikauzungusha mkanda taratibu. Gurudumu la mbele linalouongoza mkanda kwa ndani lilikuwa limepinda, na mkanda umelegea, basi ukienda kombo na kujisaga wenyewe. Nikanyoosha, nikakaza. Alhamisi Baba akalaza kiganja, na Hatem akaondoka akisema Maskati nzima hakuna mkono kama wa Mzee Sleiman.

Yako ifanye hivi. Inyanyue nyuma, uzungushe mkanda polepole, wala asisimame mtu nyuma yake, maana msumari ukichomoka hauchagui. Pima nafasi baina ya mkanda na reli zinazoubeba kwa ndani, kulia na kushoto. Ukiona umekimbilia kushoto, kaza bolti ya kushoto robo mzunguko, zungusha, pima tena. Usiukaze ukawa kama ngozi ya ngoma, wala usiuache ukaning'inia. Misumari iwe ya urefu mmoja na ilingane pande zote mbili, na nati zake uzikaze tena baada ya safari ya kwanza, jambo ambalo kwa ninavyokujua hukulifanya. Na acha kupita juu ya mawe na lami kwa kuwaonesha watu mbwembwe.

Sasa gereji. Sifungi, Mahfoudh. Kama hukuona vizuri, narudia: SIFUNGI.

Na kuna jambo nimekuficha. Mikono ya Baba inatetemeka tangu mwaka 1996. Spana haimkai mkononi. Ulipokuja likizo, ukaiendesha gari yake mpaka Sur na kurudi bila ya kukohoa, ukambusu mkono na kusema dunia nzima hakuna fundi kama yeye, mkono ule ulikuwa haujagusa chochote ila boneti. Injini niliifungua mimi, na nikaifunga mimi. Nilinyamaza kwa kuwa Baba aliniomba. Aliona haya mbele ya mwanawe wa kiume. Miaka mitano nimefanya kazi nyuma ya shata lililofungwa, katika joto hili unalolijua, nikisikia sifa zangu zinakwenda kwa mwengine. Sikumwonea wivu, ni babangu. Lakini nimechoka kujificha.

Jumamosi Hatem kaleta kijiko cha pili. Safari hii niliacha shata wazi. Akanikuta nimelala chini yake, buibui nimelitundika msumarini, spana mkononi. Akasema atamngoja Mzee. Baba akainuka kitini, kwa tabu, akaja mpaka nilipo. Alinishika mkono, ulivyo na grisi yake, akaulaza juu ya kijiko mbele ya Hatem, kisha akasema bismillahi. Kiganja chake kilikuwa juu ya changu, kikitetemeka. Hatem akauliza Alhamisi aje saa ngapi. Aliniuliza mimi.

Baba ndiye aliyeniambia nikuandikie haya yote. Ukitaka gereji ifungwe, panda ndege uje uifunge mwenyewe. Utanikuta chini ya gari.

Mama anakusisitiza kofia. Wabusu watoto kwa ajili yetu, msalimu sana Hind, na ukishaukaza huo mkanda niandikie unakwendaje. Mola akuhifadhi na barafu zako.

Mimi nduguyo akupendaye,
Shariffa binti Sleiman,
Fundi