Babu Hakutaka Kubebwa

Na hapo ndipo simu ilipokatika, mama, nikabaki nimeishika sikioni huku mke wangu Salima akinicheka. Ulikuwa unauliza kama ni kweli wanavyosema majirani huko Kondoa, kwamba mwanao ameolewa. Waambie ndiyo. Desturi ya Wamwera ni mwanaume kuhamia kwao mke, nami nimehamia hapa Nachingwea na begi langu na marobota yangu ya mitumba, na sijajuta hata asubuhi moja.

Shikamoo, mama yangu. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua ilikufikia? Sisi ni wazima wa mwili, lakini nyumba hii imepitiwa na jambo zito ambalo nisingeweza kulisema kwa simu. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Mdogo wangu Mwajuma akusomee polepole.

Kwanza niache niseme kidogo juu ya mke wangu, kisha nitatulia. Mama, mpaka leo nikimsikia anafagia uani alfajiri, moyo unanienda mbio kama siku ile aliposimama mbele ya meza yangu sokoni akasema gauni la bluu limetobolewa na panya na kwamba mimi nalijua hilo. Nililijua kweli. Akinipa chai nasahau kuuliza kama ina sukari. Nikienda kuuza gulioni Ruangwa nikalala huko, naona kama nimetengwa na dunia. Utasema nimelogwa. Basi nimelogwa, na nashukuru.

Katika nyumba hii aliyenipokea kwa mikono miwili ni babu yake, Mzee Athumani, baba wa mama mkwe wangu. Umri wake hakuna aliyeujua sawasawa, ila wazee wenzake karibu wote walikuwa wameshatangulia, naye bado alikuwa anaendesha baiskeli. Alikwenda nayo shamba la mikorosho, msikitini, kusaga mahindi, kuhani misiba. Gunia la ufuta alilifunga kwenye keria kwa mpira uliokatwa kutoka tairi la gari, na akipita sokoni alinipigia kengele ili wateja wangu wageuke wanione nashtuka.

Tangu siku ya ndoa aliniita Mwizi. Huku, kama kwetu, mjukuu wa kike ni mke wa babu.

"Mwizi, mke wangu kakupikia nini leo?"

"Mchicha, mume mwenzangu. Wewe ulizubaa."

"Sikuzubaa. Nilikuwa namnenepesha."

Nyumbani hakuwahi kuniita jina jingine.

Baada ya mavuno ya ufuta alianza kukosa pumzi, miguu ikamvimba. Tulimpeleka hospitali, na daktari akatuambia, naye babu akisikia, kwamba moyo umechoka. Dawa zitampunguzia tu, na baiskeli aiache kabisa. Babu alimshukuru. Njiani kurudi akasema, "Basi lazima nifike Nandagala."

Nandagala ni upande wa Ruangwa, kwa dada yake, Bi Fatu; ni wao wawili tu waliobaki katika tumbo la mama yao. Babu naye alihamia kwa mke ujanani, kama mimi. Lakini mtu wa huku, hata akikaa ukweni miaka yote, kwao ni kule waliko ndugu wa tumbo la mama yake, na alitaka kumwona dada yake, waagane, na azikwe kule.

Mama mkwe alisema watamtafutia gari. Babu akakataa. "Nikifika kwa dada yangu nimebebwa, nitakuwa maiti tayari. Nitakwenda na baiskeli yangu."

Hapo nikaingia mimi kwenye mtihani. Mama mkwe aliniita jikoni, akasema akiwa amenipa mgongo, kama heshima inavyotaka, "Baba, nakuomba uutoe mnyororo wa baiskeli ya mzee. Adhani imeharibika, asituue sisi kwa wasiwasi." Mama, unajua mwenyewe, mkwe hapingwi, na huku ndiyo zaidi, maana nakaa katika ua wake. Nilikwenda nikachuchumaa kando ya baiskeli na spana mkononi. Salima akanikuta.

"Unafanya nini?"

"Mama kaniagiza."

Alikaa chini pale pale kwenye mchanga. Alikuwa ameshaanza kulia. "Akikaa hapa bila baiskeli atakufa akituchukia. Mama nitasema naye mimi. Wewe nenda naye, mume wangu. Endesha nyuma yake usimpite."

Sijui mama na mwana walisemezana nini. Asubuhi mama mkwe mwenyewe alifunga mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa akaining'iniza kwenye usukani wa baba yake, akaingia ndani bila kuaga.

Tulikwenda taratibu mno, mimi na baiskeli ya kuazima. Penye mwinuko alishuka akasukuma, akasimama, akasukuma. Tulilala njiani kwa rafiki zake, kisha Ruangwa mjini kwa shangazi yake Salima, na kila alikopita aliwaambia watu wazi, "Nimekuja kuaga." Wengine walicheka wakidhani ni utani wake. Yeye alicheka nao, kisha akawashika mkono kwa muda mrefu.

Mbele ya Ruangwa tulikuta ng'ombe wameijaza barabara. Mchungaji alikuwa kijana wa Kisukuma, hawa waliokuja na mifugo kutoka Kanda ya Ziwa. Babu alikuwa hawapendi, kwa ajili ya mashamba yanayoliwa na ng'ombe wao.

"Babu, nipe hiyo baiskeli nikupe ndama," kijana akasema.

"Ndama wako ana kengele?"

"Nitamfungia."

"Ana breki?"

Kijana akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. Akatupisha ng'ombe wake, akatutakia safari njema.

Hatukwenda mbali. Kwenye mlima uliofuata babu alishuka, akailaza baiskeli majanini, naye akaketi kando yake. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nikampa maji. Akanitazama akasema, "Mjukuu wangu, hapa nimefika."

Mama, sijawahi kuogopa vile. Si kwa sababu ya midomo yake. Ni kwa sababu aliniita mjukuu. Nikamwambia, "Mume mwenzangu, pumzika tutaendelea," nikitaka anijibu kwa matusi yake. Alikamata mkono wangu.

"Naogopa," akasema. "Nilidhani nikiwa juu ya baiskeli sitaogopa. Usimwambie Salima."

Nilimwahidi, na mpaka leo nimeitunza siri hiyo. Wewe ni mama yangu, kwako nimeshindwa. Nilikaa naye tu. Yule Msukuma aliwaacha ng'ombe akatufuata mbio, akavua shuka lake akamwekea babu chini ya kichwa, akachuchumaa upande wa jua ili kivuli chake kimfunike usoni. Nikampigia simu mtoto wa Bi Fatu.

Haukupita muda, bodaboda ikaja inapandisha mlima, na nyuma yake amekaa bibi mdogo kama kuku, amejifunga kanga mbili, amemkumbatia dereva. Alishuka akisema.

"Athumani! Na uzee huo unalala barabarani?"

"Dada, nilikuwa nakuja."

"Nimeona. Umekuja mpaka hapa, na mimi nimekuja mpaka hapa. Sasa unataka nini tena?"

Bi Fatu akaketi kwenye majani, akafungua kile kitambaa cha mihogo, tuliyoongezewa mipya Ruangwa, wakala wote wawili bila haraka, huku sisi tumesimama. Sikuyasikia yote waliyoongea, mengine yalikuwa Kimwera. Nilisikia wakitaja majina ya watu, mmoja mmoja, na kila jina walitingisha kichwa. Walipomaliza, Bi Fatu akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga kama mtoto. Babu akaniita.

"Nipakie kwenye keria."

"Babu, ipo pikipiki."

"Kwenye keria yangu. Na utanyoosha mikono, hutaniangusha kama unavyoangusha meza yako sokoni."

Baiskeli ya kuazima nilimwachia yule Msukuma, nikampakia babu. Akanishika kiunoni kwa mikono yote. Mama, alikuwa mwepesi, nilihisi kama nimebeba nguo tu. Tukaingia Nandagala hivyo, bodaboda ya dada yake mbele ikitusafishia njia, na watu wakatoka majumbani kumsalimu. Alimjibu kila mtu akiwa mgongoni kwangu, wala sikusikia aibu katika sauti yake.

Aliishi huko siku chache. Salima na mama yake walimfuata, na mama mkwe alimlisha uji kwa mkono wake, wakapatana bila kuzungumzia mnyororo. Alitutoka asubuhi, baada ya kuswali akiwa amelala, dada yake amemshikia kichwa. Tumemzika pale Nandagala, kando ya mama yao. Niliingia kaburini kumpokea, kwa kuwa familia ilisema mimi ndiye niwe wa upande wa miguu.

Salima analia akiwa anapika, kisha ananiomba radhi, anasingizia moshi. Nampenda zaidi ya nilivyokuwa najua.

Mshukuru Mwajuma kwa kukusomea, umsalimie na baba mdogo anayekuchotea maji, na jirani yetu mwenye duka aliyesema nimeolewa. Mwambie amesema kweli.

Tulikuwa tumepanga kuja kwako baada ya msimu wa korosho, mkononi kukiwa na kitu. Jana Salima alikunja kanga zake akaziweka kwenye begi langu bila kuniuliza. Nikamuuliza tunakwenda wapi. Akasema, "Kwa mama yako, wakati bado ana nguvu za kunigombeza." Kabla mwezi huu haujaisha, mama, tutakuwa mlangoni kwako.

Mwanao mpenzi,
Ramadhani