Damu Yangu na Mkwe Asiyeniona Usoni

Mpendwa mshauri Mama Teodora, naomba msaada wako, na kabla sijaeleza naomba usinicheke, au kama ni lazima basi cheka kwanza umalize ndipo ushike kalamu. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na sita, mkulima wa kakao na mpunga hapa Makwale, mzee wa kanisa, na kwenye kwaya naimba besi, ingawa mwalimu wa kwaya husema naimba kitu kinachokaa jirani na besi. Nina mke, Atupele, na mtoto wa kiume, Tuntufye, ambaye ameoa miaka minne sasa, mkewe anaitwa Dainess, na shida yangu iko kwa huyo Dainess, yaani si kwake mwenyewe, iko kwenye damu yake, au tuseme iko kwenye damu yangu, ngoja nianze vizuri.

Wewe naamini unaijua mila yetu Wanyakyusa, lakini wasomaji waliohamia huku kikazi niwaambie kwamba mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani. Hatukai chumba kimoja, hatulitaji jina la mwenzetu (lake hapa naliandika tu, kinywani halitoki), tukikutana njiani yeye anaacha njia. Nikikaribia uani nakohoa mara mbili, naye anaingia jikoni au anageukia upande wa migomba mpaka nipite. Najua wengine siku hizi wameilegeza, wanakaa sebule moja wakiangalia mpira, lakini nyumbani kwangu tumeishika, na ni heshima, siyo chuki. Kwa miaka minne Dainess ananijua kwa kikohozi tu.

Sasa miaka miwili iliyopita Dainess alijifungua mtoto wa kwanza akatokwa na damu nyingi sana, na damu yake ni ile wanayoita kundi O hasi, isiyopokea nyingine ila O hasi mwenzake, na siku ile haikuwepo hata chupa moja. Aliyemwokoa ni mtaalamu wa maabara aitwaye Telesphory, kijana wa Kagera aliyepangiwa kazi huku, maana na yeye ni O hasi. Alilala kitandani akatolewa damu, akanywa soda, akarudi kwenye darubini yake kana kwamba alikuwa ametoka kuazima kiberiti. Nilimpelekea mkungu wa ndizi na jogoo. Ndizi alipokea, jogoo akasema apikwe supu ya mzazi. Mshauri, hapo ndipo nilipoanza kumshuku, maana mtu anayekataa jogoo mimi najiuliza anangoja ng'ombe gani.

Dainess ana mimba ya pili na amebakiza kama wiki nne, na damu yake iko chini. Telesphory amekuja hapa kwa pikipiki yake mara tatu kuleta dawa za kuongeza damu, hajatumwa na mtu, na mafuta anaweka mwenyewe. Safari hii yeye hawezi kutoa, maana wiki tano zilizopita alimpa damu dereva wa bodaboda aliyegongwa, na kwa taratibu zao mwanamume anapumzika miezi mitatu. Ndugu wote wa Dainess wamepimwa, wote ni chanya. Tuntufye naye chanya. Basi mwezi uliopita kijana akaomba ruhusa kwa mchungaji, akaja na vifaa vyake baada ya ibada, akaweka meza nje ya kanisa apime makundi ya wanaotaka. Mchungaji alikuwa wa kwanza kunyoosha kidole, na mimi kama mzee wa kanisa nikafuata kifua mbele ili waumini waone mfano. Ni tone moja tu la damu. Nilikaa kidogo kwenye nyasi baadaye, nikawaambia watu kwamba nilikuwa nimefunga.

Telesphory akaja kuchutama pembeni yangu. "Mzee, wewe ni O hasi," akasema kwa sauti ya chini. "Watu sitini na wanne leo, ni wewe peke yako. Njoo Alhamisi. Ni nusu saa tu. Itapelekwa kupimwa magonjwa, ikirudi inakaa kwenye jokofu inamngoja Dainess."

Nikamwambia nitaona.

Alhamisi tatu zimepita, mshauri, na kila Jumatano ananipigia simu, "Mzee, kesho tuko pamoja?" nami namwambia nitaona, maana nina maswali yasiyonipa usingizi. Kwanza, huyu kijana hasali. Sijamwona kanisani wala kwa Wakatoliki ambako jina lake linaelekea. Nilimuuliza wazi, "Mwanangu, wewe unasali wapi?" Akasema, "Mzee, Jumapili ndiyo siku pikipiki zinaanguka sana." Hilo ni jibu gani? Mtu asiye na dini wema wake unatoka wapi, na anauweka kwa hesabu ya nani? Mzee mwenzangu Andongwisye, tulipokuwa kwenye foleni ya kupima kakao, aliniambia kwa mdomo wa pembeni, "Damu haitoki kwa mtu bure. Zamani mumiani walikuja usiku na kamba, siku hizi wanakuja mchana na jokofu." Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani nilikagua mlango.

Pili, damu ya huyo kijana imo tayari ndani ya mkwe wangu, na bado anakuja na pikipiki. Ana nini na nyumba yangu? Nilimuuliza Atupele, akaacha kupepeta mchele akanitazama. "Baba Tuntufye, huyo mtoto angekuwa na anachokitaka angeshakiomba. Wewe ndiye unayeombwa, na huombeki." Nikamshuku hata yeye kwamba wamepanga. Mchungaji nilipomfuata aniambie kama ni dhambi, alisema atatuombea, kisha akauliza kama nina nauli ya kufika hospitali, nikaona na huyu wamepatana.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Mwanamke ambaye mila inamkataza hata kuuona uso wangu, damu yangu itaingiaje mwilini mwake ikazunguka hadi kwenye moyo? Nisipite uani bila kukohoa, halafu nipite kwenye mishipa? Wazee waliotuachia mila hawakuwahi kufikiria jambo hili, na Biblia nimeitafuta sikuona mahali.

Mimi si mtu mbaya, nimeishi maisha safi, ukiacha mwaka ule nilipokaa Kasumulu wiki saba kwa biashara ya mchele, na mambo ya Kasumulu tuyaache huko mpakani. Nataka tu kujua huyu Telesphory anataka nini hasa kabla sijanyoosha mkono. Nishauri, na jina langu usilitoe.

Ni mimi Besi wa Makwale.

*

Tata, mugonile, nakusalimu kwa lugha yetu, baba. Uliniomba nicheke kwanza. Nimecheka, nimemaliza, sasa nisikilize.

Umeandika barua ndefu ya kumshuku kila mtu. Umemshuku kijana aliyemwokoa mkweo, umemshuku mkeo anayekupepetea mchele, umemshuku mchungaji aliyekuuliza nauli. Mtu mmoja tu kwenye barua nzima hukumshuku, na mimi baada ya kuisoma mara mbili ndiye ninayemshuku peke yake. Anaimba kitu kinachokaa jirani na besi.

Tuanze na Telesphory. Sitakulaumu sana, maana na mimi ugonjwa huo nilikuwa nao. Nilipokuwa nikiishi mtaa wa Bondeni nililazwa na malaria, na jirani yangu, karani Mwislamu aliyehamishwa kutoka Tanga, akawa anaingia kwangu kunifagilia na kunipikia uji. Sikuwa na undugu naye, hatukuwa dini moja, na hatukuwahi kuazimana hata chumvi. Nilipopata nguvu ya kusimama, jambo la kwanza nililofanya, Mungu anisamehe, nilihesabu sufuria zangu. Zilikuwa zimezidi moja. Ilikuwa ya kwake, ameisahau na uji ndani. Tangu siku hiyo nikimwona mtu anatenda wema nisioelewa unakotoka, kwanza nachunguza kama sufuria ya ziada iko kwangu.

Unauliza mtu asiyesali wema wake unatoka wapi. Mimi sijui, na wewe hujui kama hasali. Amekwambia Jumapili yuko kazini kwa sababu watu wanaumia, wewe ukasikia hana Mungu. Na tuseme kweli hana. Basi kijana asiye na Mungu ametoa chupa mbili, moja kwa mkweo na moja kwa dereva asiyemjua, na mzee wa kanisa ametoa tone moja akakaa kwenye nyasi. Hapo anayetakiwa kujieleza ni nani? Tata, umeimba habari za damu iliyomwagwa kwa ajili yako tangu ujana wako, kwa sauti yoyote ile unayoimbia. Sikudhani ungeshangaa siku ukiombwa na wewe.

Na huyo Andongwisye na mumiani wake mwambie mumiani hawaombi ruhusa kwa mchungaji, wala hawapigi simu Jumatano tatu mfululizo kuuliza kama kesho utakuja.

Sasa mila. Hapa sikucheki kabisa, maana nimekulia humo. Mama yangu alizikwa bila kumtaja baba mkwe wake kwa jina hata siku moja, na alimpenda. Lakini fikiri mila ile ilikuwa inalinda nini. Ilikuwa inalinda heshima ya mtoto wa watu aliyekuja kukaa nyumbani kwako, ili baba wa nyumba asimsogelee vibaya. Hukuachiwa mila ili mkweo afe kwa heshima. Na kwa taarifa yako sayansi hapa imewafuata wazee wako kuliko unavyodhani. Chupa ya damu ikitoka kupimwa inabandikwa namba na kundi. Haina jina lako, haina ukoo, haina sura. Dainess hatakuona, hatakutaja, hutaingia chumba alicholala. Hakuna mahali pengine duniani ambapo baba mkwe anaweza kumsaidia mkwe wake na mila ikabaki nzima kiasi hicho.

Kwa hiyo mila haikuzuii, dini haikuzuii, na kijana hana jambo. Kinachokuzuia ni nini? Kwanza nilidhani ni sindano, maana mtu aliyefunga hakai kwenye nyasi kwa tone moja. Kisha nikafika mwisho wa barua. Hayo ya Kasumulu uliyosema tuyaache mpakani, mimi sikuyaacha. Telesphory alikuambia damu itapelekwa kupimwa magonjwa, na tangu akutamkie neno hilo umekuwa na maswali ya dini. Wewe huogopi damu yako kuingia kwa Dainess, Tata. Unaogopa itakachosema ikishatoka kwako.

Hofu hiyo ni ya kibinadamu na wala hukuianza wewe. Ila jua inavyofanya kazi. Kila unapomwambia kijana "nitaona," anakuhesabu wewe, na siku anayokuhesabu wewe hatafuti mtu mwingine. Ungemwambia hapana ile Jumapili ya kwanza, leo angeshaulizia Tukuyu na Mbeya nzima. "Nitaona" yako imemlia Dainess wiki tatu. Hapana yako ingemfaa zaidi.

Sasa fanya hivi. Usingoje Jumatano akupigie, mpigie wewe leo, mwambie unakwenda Alhamisi hii, maana damu ikishatolewa inahitaji siku za kupimwa, na mkweo hana siku za kukungoja. Kabla ya hapo kaa na Atupele, umwambie ya Kasumulu wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, nyumbani. Atakasirika, na ana haki. Usiku wa kuamkia Alhamisi kula vizuri, asubuhi kunywa chai na maji mengi, na huko hospitali waambie ukweli wote watakaokuuliza, hata kama unaona haya, maana maswali yale ni ya kumlinda Dainess. Wakikuambia damu yako haifai, utaambiwa faraghani, dawa zipo siku hizi na watu wanaishi nazo wakizeeka, na kijana atakuwa na muda wa kutafuta kwingine. Na hata ikifaa, bado atafute nyingine ya akiba. Ikifaa, usimtangazie mtu, hasa Andongwisye.

Na huyo Telesphory mwalike siku moja, mpikie mchele wa shambani kwako na samaki mbasa wa kutoka ziwani. Akishashiba ndipo umuulize anataka nini. Nina wasiwasi atakuambia anataka kuongezewa mchele.

Ukitoka Alhamisi usiendeshe baiskeli, rudi polepole. Ukifika karibu na uani simama, kohoa mara mbili kama kawaida yako. Dainess atakusikia na atageukia migomba akupishe. Mpe muda wa kutosha, na tumbo lile ni zito, kisha upite.