Albertine Haandiki Makosa Tena

Mama Cécilia mupendwa, nakusikiliza kila siku kwenye radio na leo mimi pia naomba unisaidie, maana kichwa yangu imechoka. Miaka mbili sasa, mimi na rafiki yangu Albertine tuko tunatengeneza muchezo ya ordinateur, ya kompyuta, ya vita ya ndege, unakaa mbele ya mashini, unaruka juu ya Lualaba, unatafuta adui, unamupiga. Mimi natengeneza ndege na mbingu, yeye anapanga safari za vita zenyewe, adui atokee wapi, na kaye, daftari ya makosa, iko kwake, kila kosa anaandika na tarehe. Sasa makosa ni mengi na sisi ni wawili tu, na muyomba wangu Hippolyte, ndiye alitupatia mashini na panneau ya jua ya umeme, ni mutu wa Nyangwe, amekulia mutoni, siku ya kwanza kuona muchezo akapiga kelele, "Hee, mwana wa dada, Lualaba yako inashuka kusini! Nani amekufundisha muto?" na kweli nilikuwa nimegeuza maji, na kwetu muyomba akisema huwezi kumwambia ngoja, basi nikaacha yote nikarudisha muto, kisha akaona mitumbwi haina vivuli, nikaweka vivuli, kisha akauliza mbona ndege ya adui inaanguka bila moshi, nikaanza moshi.

Kosa ya Albertine ni moja tu: ukitua, mashini inaganda, na safari yote aliyoipanga inafutika. Ameiandika mara kumi na moja, na mara kumi na moja nikamwambia kesho. Lakini tangu wiki jana haandiki tena, halalamiki, na juzi amenirudishia clé USB yangu ya kubebea muchezo, ameifunga ndani ya karatasi safi. Nikafurahi, nikasema labda ile kosa imepona yenyewe, je, inawezekana? Na sasa muyomba anataka kiboko alie pale ndege inapita chini. Nimalize moshi kwanza, ao nianze na kiboko?

Magloire, Kasongo

Magloire mwanangu, kiboko! Nimesoma barua yako mara mbili nione kama unanichezea.

Habari ya kuganda na kufutika siijui, Roger anayeshika mashini hapa radio ndiye amenieleza, na nimemuuliza maswali mpaka akachoka. Lakini kazi ya kuchagua naijua. Kabla ya radio nilikuwa infirmière, muuguzi, huko Kabambare miaka kumi na tisa. Asubuhi unafungua mulango, wamama hamsini wanangoja. Mutoto anayelia kwa nguvu tulimwacha alie, na mutoto wa chefu wa kijiji pia angoje. Tulimutafuta kwanza yule aliyenyamaza. Jana alilia, leo analala tu mugongoni, na mama yake anasema amepata nafuu. Huyo ndiye tulikimbia naye.

Kosa haikupona. Albertine amechoka kukuambia. Na mutu akikurudishia kitu yako bila kuombwa, tena imefungwa vizuri, ujue na mizigo yake anaifunga. Anakuaga, na wewe unaniuliza kiboko!

Heshima ya muyomba naijua, mimi pia niko na wangu. Mwendee leo na sukari kidogo, ukae chini, useme: "Muyomba, muto umerudi njia yake, aksanti, hayo mengine yangoje." Akikasirika, atakasirika siku mbili. Albertine akienda, vita yako nani ataipanga? Moshi?

Kisha nenda kwake na mashini yenyewe. Pole peke yake haitoshi, amezisikia "kesho" kumi na moja. Mufungue kaye kwenye ile kosa, na usinyanyuke mpaka ndege itue na safari ibaki. Tua tena, na tena, mara kumi na moja, yeye ahesabu. Na toka leo, kosa inayofuta kazi ya mutu ipite mbele ya kosa inayosumbua macho ya mutu, hata mutu huyo akiwa muyomba.

Ile clé USB umurudishie mukononi. Na ukikuta mulango umefungwa, usiniandikie mimi: kimbia parking ya pikipiki za abiria, uulize Albertine alipanda ya nani.