Uso Wako Ukutani Ni Wangu

Kaka Ambokile,

Juzi tumekuzika. Usicheke, wala usishike sikio. Najua ulikufa zamani, mimi bado naswaga ndama, lakini kwetu mtu hajafa mpaka azikwe, na wewe ulikuwa bado unaning'inia tu. Tumezika mgomba badala yako, kwa kuwa mwili wako uko Bama, ng'ambo ya bahari kulikopiganwa vita, na kwenda Bama hakuna basi. Kabla hujauliza kwa nini tumechelewa miaka yote hii, nikwambie mwenyewe: kosa ni langu. Langu na la baba mdogo, lakini baba mdogo amezeeka, namwonea huruma, basi niache nilibebe mimi.

Ilipokuja ile karatasi ya serikali kusema hujulikani ulipo, mama alikataa msiba. Alisema karatasi haijasema umekufa, imesema haijui, na asiyejua anyamaze. Unamjua mama. Watu waliokuja kulia aliwapa viti, akawapa chai, akawakataza kulia. Wakanywa chai wakaenda zao. Ikawa hivyo mwaka wa kwanza na wa pili. Halafu siku moja, anamenya ndizi, akasimama ghafla kisu mkononi, akasema, "Namsahau uso."

Kaka, mama hakuwahi kulia mbele yetu hata baba alipofariki. Siku ile alilia. Wewe hukuacha picha. Mtu gani anakwenda vitani asiache hata kapicha kamoja?

Baba mdogo akanichukua Mbeya. Tulimdanganya mama tunakwenda kuulizia bei ya kahawa. Mjini palikuwa na mpiga picha mmoja, chumba chake cha nyuma kina pazia jeusi, na nyuma ya mlango, kwenye msumari, koti la askari limetundikwa na kofia yake. Baba mdogo alikuwa anajiumauma, hajui aanzie wapi kumweleza. Yule mtu wala hakungoja maelezo. Alinitazama mimi, akatazama koti, akasema, "Ni kaka yake? Wengi wanakuja." Nikalivaa. Lilikuwa bado na joto, kaka. Nakuapia, lilikuwa na joto la mwenzangu aliyetoka kulivua. Nilipokaa kwenye kiti nikaogopa, na nikiogopa mimi hucheka, unanijua. Akanikemea: "Usitabasamu. Wao hawatabasamu."

Baba mdogo alimwambia mama kuwa picha imeletwa bomani na askari mwenzako. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama mpaka maji yakachemka yakakauka jikoni, kisha akasema, "Amekonda." Mimi nimesimama pale pale karibu yake, mnono kama ndama wa mkulima, na hakugeuka kunitazama.

Basi ukaingia nyumbani. Uliwekwa ukutani, juu ya kiti cha baba. Kila asubuhi, hata ukungu ukijaa mpaka ndani, mama alisimama mbele yako akakusalimia, "Ugonile, Ambokile?" Anangoja kidogo. Kisha ndipo ananigeukia mimi. Siku nilipougua homa, nikawa naweweseka, baba mdogo anasema mama hakukaa kitandani kwangu. Alikaa chini ya picha, anaiambia isife. Nilipopona alisema, "Unaona, amenisikia." Hasira niliyokuwa nayo siku ile, kaka, sijui niliimezaje. Nilikuonea wivu, na niliyekuwa namwonea wivu ni mimi mwenyewe.

Tena tuliendelea kufanana. Nilipofuga sharubu mama alilalamika hazinipendezi, nikazinyoa. Niliponyoa nikajikuta tena ukutani. Akiniita alianza na jina lako, akateleza mpaka akafika langu, au akachoka njiani akaishia kwako. Nilizoea kuitikia yote mawili.

Miaka tisa hiyo. Nimejifunza ushonaji, nina cherehani yangu hapo Tukuyu, barazani kwa duka la Mhindi. Wateja wanasema nina mkono. Usiku sikutaka kulala upande wa ule ukuta, lakini mchana nilikuwa mtu kama watu.

Halafu wiki iliyopita akaja Luka.

Luka utamkumbuka kuliko mimi, maana ndiye aliyekufunika macho. Ni Mhehe wa Kilolo, mguu mmoja haukunjiki. Alibisha hodi kwa mama, akaamkia "Kamwene" kwa mazoea ya kwao, akaomba radhi, akaomba maji. Alikuwa ametoka Iringa kwa basi na alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kwa watu ambao vijana wao hawakurudi. Ndani ya koti, kwenye kitambaa cha kaki, alikuwa na picha ya watu watano wamechuchumaa ukingoni mwa msitu, wamejipaka masizi na mafuta usoni, wanaonekana macho na meno tu. Ninyi makomandoo. Alieleza kuwa mlikusanywa kutoka vikosi mbalimbali, mkapelekwa nyuma ya Wajapani, na kwamba mliamriwa kuacha kila kitu, barua, vibati vya shingoni, hata majina. Mkawa mnaitana kwa makwenu. Yeye Kilolo. Wewe Tukuyu. Mliingia watano akatoka yeye peke yake, na majina yenu ya kweli hakuwahi kuyajua. Ndiyo maana alikuwa anatafuta picha za kwenye kuta, alinganishe.

Mama akamwonyesha ukutani.

Luka alisogea na picha yake, akatazama huku, akatazama kule, akarudia. Kisha akasema, "Mama, huyu hakuwa nasi." Mama akamwambia arudie. Akarudia: "Naapa, mama. Huyu simjui." Alidhani anampa pole. Mama akapiga kigelegele ambacho nilikisikia niko bado njiani, narudi kutoka kazini.

Nikaingia na futi yangu shingoni. Mama ananirukia, "Hajafa! Nilisema mimi! Mwanangu hakuwa nao, yuko anakotembea!" Nikamtazama mgeni. Mgeni akanitazama mimi, akainua macho ukutani, akanirudia mimi. Kikombe chake kilikuwa kimefika mdomoni kikasimama hapo hapo. Aliinamisha kichwa akanywa chai yake.

Ungemwona mama jioni ile. Aliwaita majirani. Alisema utarudi umechakaa, lazima ukute nguo, akanitolea kitambaa kizuri alichokiweka kwa ajili ya sanda yake mwenyewe, na akaniamuru nikushonee koti. Nikauliza kwa vipimo vya nani. "Jipime wewe," akasema, "mlilingana." Basi nikajipima kifua, mama ameshika ncha ya futi mgongoni kwangu, anaimba. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Nilisema namba kwa sauti ili nisipige kelele.

Jua bado halijazama nikamfuata Luka nyuma, kwenye zizi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Picha ile ni wewe." Nikakiri. Akakaa chini kwenye gogo kama mtu aliyepigwa, maana huko alikotoka alikuwa amepita nyumba mbili, kila moja ina picha ya kijana mwenye koti na kofia, na katika zote mbili alisema yale yale: huyu hakuwa nasi, akaacha nyuma vigelegele. "Koti lina kiraka kwenye kola?" akauliza. Lilikuwa nacho. Ni koti lile lile, kaka. Sijui ni wadogo zetu wangapi wametundikwa kwenye kuta za milima hii, wanasalimiwa asubuhi kwa majina ya marehemu.

Nikamwomba ile picha yenu. Alisita. Alisema ameikalia miaka yote kwenye sanduku kwa kuogopa vilio vyetu, na kilichomtoa nyumbani ni kwamba kila akiifungua anaona mmesogea mbele kidogo. Nikamwambia kwa heshima zote, hayo ni ya pombe, ya ulanzi wa kwao. Kisha nikaishika mkononi, na sitaki kukudanganya: mlikuwa karibu sana.

Na sikukujua. Nisamehe, kaka. Nilitafuta uso wako kati ya nyuso zile nikakuta nautafuta uso wangu, maana ndio niliofundishwa. Nilipita wa kwanza, nikapita Luka mwenyewe, nikafika mwisho nikarudi. Hakuna aliyefanana nami. Ndipo nikaona mkono. Wa nne kutoka kushoto, bunduki magotini, mkono wa kushoto ameminya ndewe ya sikio.

Wewe na sikio lako! Unakumbuka kanisani, yule mzee wa kwaya aliyekuwa anawahi mstari mmoja mbele ya wenzake? Ukaminya sikio usicheke mpaka likawa jekundu kama pilipili, mimi nikacheka badala yako, fimbo ya baba nikaila peke yangu. Vita nzima, masizi usoni, Wajapani msituni, na bado kuna kitu kilikuchekesha. Luka anasema ni kofia ya ofisa aliyewapiga picha, aliivaa nyuma mbele. Nilicheka pale zizini. Nikalia.

Aliniambia na mengine. Kwamba risasi ilikupata tumboni, kwamba alikulaza chini ya mianzi, ukasema mianzi hii inafanana na ya kwetu, ukauliza kama nyumbani mvua zimeanza. Yeye akajibu zimeanza. Alikuzika hapo hapo.

Asubuhi, kabla mama hajafika ukutani kukusalimia, niliiteremsha picha. Nikakaa kwenye kiti cha baba, chini ya ule msumari, nikaishika kifuani. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nikasema, "Mama, huyu ni mimi," yaliyobaki yakanipotea.

Nilitegemea anipige. Alikuja akanishika uso kwa mikono yote miwili, anaubonyeza mashavuni, kwenye paji, kama anavyobonyeza ndizi kuona zimeiva. Akauliza, "Basi nimekulilia wewe? Mzima?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na wewe ulikuwa unanisikia?" Nikasema ndiyo, mama, kila asubuhi. Akakaa chini sakafuni. Hakulia bado. Luka akamfunulia picha yenu, bila kumwonyesha nani ni nani, na mimi sikuwa nimetaja sikio wala mkono. Mama aliitazama muda mfupi tu. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja.

"Mjinga huyu," akasema. "Hata huko."

Hapo ndipo alipolia, kaka. Kilio alichowakataza watu miaka ile yote alikilia mwenyewe, na majirani waliokuja kwa furaha ya jana wakakuta msiba, wakaweka chini vyungu vyao wakajiunga.

Kuzika kulikuwa na ubishi, kama kawaida yetu. Mgomba ulipokatwa, ilibidi upunguzwe uwe kimo chako, na baba mdogo akasema fundi si huyu hapa, mlilingana, apimwe yeye. Nikaanza kuvua viatu. Mama akaja kati yetu. "Msimpime huyu tena," akasema. "Ameshakuwa Ambokile vya kutosha." Luka akainuka na mguu wake mbovu, akasimama wima, akagusa nyusi yake: ulimfika hapo. Mimi ni mrefu kuliko Luka. Kumbe hatukulingana hata kidogo.

Umekwenda na koti nililokushonea, ila nililikata upya, kwa kimo chako. Mama aliuvisha mgomba mwenyewe, akafunga vifungo vyote. Watu walitaka na ile picha yangu izikwe, akakataa, akasema hazikwi mtu mwenye uhai. Amenipa. Iko kwenye droo ya cherehani, imelala kifudifudi. Picha yenu Luka ataipeleka Iringa ikatolewe nakala, na nakala ya kwanza ni ya mama.

Kesho naondoka naye. Tunarudi kwenye zile nyumba mbili, kwa wale mama waliopiga vigelegele. Nitasimama mbele yao niwaeleze juu ya koti la kwenye msumari, nao wana wao wazima wanaosalimiwa asubuhi watateremka ukutani kama mimi. Najua watanitukana. Nakuahidi sitarudi kabla sijalisema. Nakuahidi pia kwamba uso huu sasa nitauzeesha, nitaufugia sharubu, nitauachia makunyanzi, mpaka asije mtu akautafuta kwako. Wewe baki na wako wa masizi. Lala, kaka. Huku mvua zimeanza kweli.

Jambo moja la mwisho. Leo asubuhi mama alipita ukutani bila kusimama. Akaja mpaka mlangoni kwangu, akaita, "Gwamaka." Jina langu tu, zima, tangu mwanzo wake. Nilichelewa kuitika. Nilikuwa nangoja nisikie kama na wewe utaitika.

Mdogo wako,
Gwamaka