Kwa Nini Paulo Hakurudi Thesalonike

Kijiji Kipya, chini ya Mlima Hanang
Novemba 1975

Mdogo wangu Joakimu,

Marahaba. Shikamoo yako niliipata kwa dereva wa lori la mahindi, pamoja na salamu za shemeji Efrazia. Natumaini mvua za kwanza zimeshafika Dongobesh na kifua chako kimetulia. Mimi mwili bado unanibeba. Tangu nilipotoka kwetu nikiwa kijana sijakaa mahali hata pakanizoea, na sasa uzeeni nimehamishwa tena.

Uliniomba nikueleze sababu ya Paulo kuwaandikia Wathesalonike, ili uwafundishe Wakristo wa huko. Nitakujibu, ila univumilie, maana jibu langu litapita hapa kijijini kwanza.

Paulo alikaa kwao muda mfupi tu. Aliwahubiria, wakaamini, kisha ghasia zikazuka mjini akaondoshwa haraka, kama mkulima anayetolewa shambani mbegu hazijaota. Alitamani kurudi, akazuiwa. Akamtuma Timotheo, naye akamletea habari: imani yao ipo, lakini baadhi yao wamefiwa, na waliobaki wanaogopa kwamba marehemu wao wameachwa nyuma, kwamba siku Bwana atakaporudi hawatakuwamo. Ndipo akaandika. Kama angeweza kwenda, nadhani barua ile tusingekuwa nayo.

Sasa njoo huku kwetu. Nyumba zetu zimepangwa kwa mstari, mlango ukitazama mlango, na kisima ni kimoja. Sisi wa Mbulu, wafugaji wa tambarare, mwalimu aliyetoka Bukoba, wote tunatumia kamba moja. Binti yako Genoveva alifika hapa na mumewe Didas, mtoto wao Emilian akiwa bado ananyonya. Mtoto alichukuliwa na homa kabla nyumba haijaezekwa. Hayo uliyasikia.

Usiyoyasikia ni yaliyofuata. Metimani unaijua kuliko mwalimu wetu, aliyeniuliza kama ni ugonjwa. Nyumba iliyofiwa na mtoto anayenyonya hutengwa, kifo kisije kikahamia kwa watoto na mimba za wengine. Watu wake hawaombi moto, hawakanyagi ua wa jirani, hawateki maji na wengine mpaka muda wao uishe. Mama yetu alikaa hivyo alipofiwa na mdogo wetu Tekla, lakini tulikuwa na chemchemi nyuma ya nyumba, na majirani walituachia unga na maziwa juu ya jiwe la njiani. Mila ile ilifunga mlango mmoja ikafungua mwingine. Hapa Genoveva akitoka nje tu, ameshakanyaga ua wa mtu.

Siku ya kwanza alipokwenda kisimani, Qamara, mke wa mfugaji mmoja, naye ni mjamzito, alisimama mbele yake akamwambia arudi. Didas, aliyemsindikiza, akasema wao ni Wakristo. Qamara akamuuliza kama huyo Paulo wao atambebea yeye mimba ikiharibika. Wanawake wakacheka, lakini hakuna aliyempisha Genoveva. Mwenyekiti wa kijiji alipoitwa, alisema hayo ni mambo ya wazee, yeye ana mashamba ya kupima.

Severine, katekista wetu, alikwenda kusimama nje ya mlango wa Genoveva akamwambia kwamba Paulo amekataza kulia. Mwenye tumaini analilia nini? Ajifute machozi, aende kisimani kwa imani. Hivyo ndivyo alivyosema, na yeye mwenyewe hakumtekea hata kibuyu kimoja. Nilimwambia mbele ya watu kwamba amesoma nusu. Paulo hakuwanyima Wathesalonike machozi. Aliwasihi wasilie kama watu ambao kaburi kwao ndilo mwisho, tena akawaagiza wafarijiane. Severine akajibu kwamba Babu Thadei amesoma sana, ndiyo maana hana hata ng'ombe mmoja. Watu wakacheka tena.

Nikawa namtekea Genoveva maji mimi, nayaacha njiani, yeye anakuja kuyachukua. Kisha macho yangu yakazidi kuuma, ikabidi niende Haydom kutibiwa. Nilimwomba Severine na wenzake waendelee kumtekea. Waliitikia wote, hata tukasali pamoja.

Niliporudi nilimkuta anakunywa maji ya korongoni, pale ng'ombe wanapokanyaga. Anahara damu. Didas alikuwa amegonga milango mpaka akachoka. Nilikaa na Genoveva. Aliniuliza, baba mkubwa, Bwana akirudi, Emilian si ataachwa nyuma, maana alikuwa hajajua kutembea? Nikamweleza kama Paulo alivyoeleza, kwamba waliolala ndio watakaotangulia, sisi wazima ndio tutakaowafuata. Akafikiri, kisha akauliza, basi nani atambeba? Hilo Paulo hakuliandika.

Joakimu, amekwenda kumbeba mwenyewe. Genoveva wetu amefariki. Tulikuwa tumempakia kwenye lori kumpeleka hospitali, hatukufika. Hakuna mwanamke aliyekuja kumwosha. Didas alimwosha, mimi nikimpokeza maji. Amelala kando ya mtoto wake.

Habari ya namna hii haipelekwi kwa karatasi, najua. Ilinipasa nije, nikae chini mbele yako na shemeji. Lakini niliingia nyumba ile na kumbeba maiti, na kwa kifo cha pili muda wa kutengwa umeanza upya. Nami nimo. Wenye lori hawanipakii, na Didas siwezi kumwacha peke yake; kutwa anatazama ukuta. Maji tunayapata juu ya jiwe la njiani kila asubuhi. Anayeyaleta ni Qamara. Huyaweka, hugeuka, huondoka na tumbo lake bila kutazama nyuma. Severine bado hajaja.

Msomee Efrazia akiwa ameketi. Na akija mtu kumkataza asilie, mwambie kwamba kaka yako, aliyesoma sana, amesema Paulo hakukataza.

Nisalimie makaburi ya wazazi wetu. Muda wetu ukiisha, nitakuja na Didas.

Kaka yako,
Thadei